Betri Nilizozitumbukiza Kwenye Kiroba cha Violeth

Mama Philomena, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ukurasa wako huwa naukata na kuuweka, na sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nami nitakaa chini nikuandikie, lakini naomba unisaidie maana jambo lenyewe linanitesa wiki ya tatu sasa, na Jumamosi hii kamati ya soko inakaa kuamua hatima ya mtu ambaye hana kosa, na mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni fundi simu hapa Mwakitolyo. Nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto wawili. Kazi hii niliianza wakati wanawake wenzangu wanauzia wachimbaji chai na mihogo, wanaume wakanicheka kwamba mwanamke na bisibisi wapi na wapi, nikavumilia, na mwisho wake wote wakaja kwangu, maana mchimbaji akitoka kwenye duara, shimo la dhahabu, simu imejaa vumbi na kioo kimepasukia mfukoni, anataka fundi wa karibu. Kwa miaka saba fundi hapa sokoni nilikuwa mimi tu, ukisema peleka kwa Mama Wema kila mtu anajua ni wapi. Halafu mwaka jana akaja Violeth.

Violeth ni binti kutoka Songwa, ana miaka kama ishirini na sita, alijifunzia ufundi Shinyanga mjini, akapanga banda mkabala na langu, katikati yetu ni njia tu ya watu kupita. Siku aliyofika alikuja kwanza kwangu, akapiga goti akaniamkia, akasema dada nimekuja kutafuta maisha, naomba unipokee, nami nikampokea, nikamwonyesha pa kuchota maji na mtu wa kumuunganishia umeme. Sikuwa na neno naye. Neno lilianzia kwenye waranti.

Mimi vioo vyangu nilikuwa nanunua kopi, vile vya bei ya chini, na ukutani nilibandika karatasi kwamba kioo kikishafungwa hakirudi. Mteja akija baada ya wiki analalamika kioo kimetoa mistari ya kijani, au doa jeusi linatambaa kama wino, namwambia umeikalia, au umeiingiza maji, na kweli wengine wameikalia, lakini wengine nilijua kabisa kioo kilikuwa kibovu tangu kwenye boksi. Violeth yeye akaanza kutoa karatasi. Kila kioo anachofunga anakijaribu mbele ya mwenye simu, gusa hapa, gusa na kule pembeni, halafu anamwandikia tarehe na miezi mitatu, kwamba kikitoa mistari au tachi ikigoma bila kupasuka, anabadilisha. Nikasema moyoni atachoka. Hakuchoka. Siku moja Chacha, mteja wangu niliyemfungia kioo mara mbili, alipita mbele yangu ameshika simu yake akaingia kwa Violeth bila hata kuniangalia, akakaa kwenye benchi lake anacheka. Mama, sijui kama wewe umewahi kuonja wivu. Nikawa najua idadi ya watu kwenye benchi lake kuliko kazi iliyo mkononi mwangu, nikaunguza simu mbili za watu kwa sababu macho yalikuwa ng'ambo. Hata kanga zake zilinikera, hata namna anavyowaita wazee baba kwa sauti ya taratibu.

Kisha likaja suala la betri mbovu. Mimi betri zilizovimba nilikuwa natupa kwenye droo, droo ikijaa namwaga chooni au jalalani, sikuona ajabu. Violeth ana ndoo yenye mchanga mkavu na mfuniko, kila betri anaiziba ncha kwa tepu ya umeme, na ndoo ikijaa anaipeleka kwa mtu wa Mwanza anayekusanya simu zilizokufa na betri zake ili zikavunjwe kwa utaratibu, sumu isiingie ardhini. Mwenyekiti wa soko, Mzee Mageni, akamsifu kwenye mkutano, akasema mafundi wengine waige. Watu wote wakageuka kunitazama, maana fundi mwingine ni nani kama si mimi.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Violeth akaja kuniambia dada nitazamie banda, nakimbia kupokea mzigo wa vioo kwenye basi. Nikamjibu haya mdogo wangu, nenda. Alipopotea kwenye kona nikafungua droo yangu, nikachukua betri saba zilizovimba, nikavuka njia kama mtu anayekwenda kuhakikisha mlango umefungwa, nikazitumbukiza kwenye kiroba chake cha takataka, chini kabisa, chini ya maboksi. Nilichotaka ni kitu kidogo. Mzee Bartholomeo anayefagia soko huwa anavimwaga viroba na kuchambua chupa kabla ya kuchoma, nikasema ataziona, atampelekea mwenyekiti, na huyu wa ndoo ya mchanga ataumbuka mbele za watu. Basi. Nakuapia sikutaka mtu aumie.

Siku hiyo mzee hakuvimwaga. Wingu la mvua lilikuwa limeshafunga, akatupa viroba vizima motoni awahi. Nilikuwa nimeinamia simu ya mtu niliposikia mlipuko wa kwanza, kisha wa pili, kisha sauti ya mzee. Kipande kilimpiga jichoni na mkono wa kulia ukaungua. Amelazwa Shinyanga mjini, na kuhusu jicho madaktari wamesema bado wanaliangalia.

Pembeni ya majivu wakakuta betri zilizopasuka pamoja na karatasi za Violeth zilizoungua nusu. Mwenyekiti akalifunga banda lake siku hiyohiyo mpaka kamati ikae. Waliokuwa wanamsifu ndio walikuwa wa kwanza kusema usafi wake ulikuwa wa maonyesho.

Linaloniua ni kwamba Violeth hakubisha. Alikuja kwangu, akakaa chini, akaniambia: "Dada, nawaza tu, sikumbuki kuzitupa, lakini kiroba ni changu, kwa hiyo ni mimi. Labda nilichoka siku hiyo. Nimempofusha mzee wa watu." Akalia kwenye mapaja yangu, nami nikamshika kichwa nikamwambia pole. Alipotulia akaniomba jambo moja. Wateja wake waliobaki na karatasi za waranti aliwaahidi, hataki waonekane wametapeliwa, kwa hiyo akaniachia daftari na boksi la vioo vyake, kwamba kioo cha mtu kikisumbua nimbadilishie kwa niaba yake. Sasa watu wanakuja na karatasi zake, nawafungia vioo vyake, na wananishukuru mimi. Benchi langu limejaa. Na nitakwambia ukweli wote, Mama, mtu akishamaliza kunishukuru akauliza Violeth anarudi lini, wivu unanichoma vilevile kama zamani.

Kila baada ya siku moja Violeth anapanda gari kwenda kumpelekea mzee uji na kumfulia. Nimemweleza mume wangu, Marwa, anayeendesha karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Akasema, "Ukifungua mdomo utafungwa. Watoto unamwachia nani?" Yeye anaona kamati itampa Violeth onyo, binti bado mdogo, atahamia kwingine aanze upya. Lakini nasikia wanataka kumkataza ufundi kabisa hapa na kupeleka jambo polisi. Nimefikiri nimweleze Violeth peke yake, tukiwa wawili, anisamehe, yaishie hapo. Au nimsaidie mzee kimyakimya bila kusema kwa nini. Je, hilo halitoshi? Tafadhali jina langu usilitoe.

Fundi, Mwakitolyo

*

Marahaba, Fundi. Majina nimeyabadilisha yote, likiwemo la mumeo. Barua yako ilinifikia Jumatano, gazeti letu hutoka Jumanne, na kamati yenu ilikuwa ikae Jumamosi, kwa hiyo sikungoja, nilikupigia kwa namba uliyoiandika nyuma ya barua. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wenye droo kama yako.

Kwanza pole. Kujenga jina miaka saba peke yako, kisha ukae kwenye kiti chako uone watu wanakupita wakiingia mlango wa pili, inauma, na sitajifanya sijui. Wivu humjia mtu bila hodi. Lakini kuvuka njia ulivuka kwa miguu yako, tena ukiwa umeachiwa banda ulilinde. Na usiniambie tena kwamba hukutaka mtu aumie. Wewe ni fundi. Unajua betri iliyovimba ikikutana na moto inafanya nini, na ulijua takataka za soko lenu mwisho wake ni moto. Uliliweka jicho la mzee rehani ili mwenzako aaibike.

Unauliza kama kumweleza Violeth faraghani kunatosha. Hakutoshi hata kidogo. Amechafuliwa mbele za watu, atasafishwa mbele za watu. Ukimnong'oneza, utamwachia yeye kazi ya kuamua akufichie au akushtaki, na mzigo alionao tayari ni wako. Kumsaidia mzee kimyakimya ni vizuri kwa mzee, ila wewe ungekuwa unanunua usingizi wako tu. Mumeo anaogopa, na hofu yake ina msingi, sikukuficha kwamba unaweza kushtakiwa. Ndiyo maana nilikuelekeza kwanza kwa msaidizi wa sheria wa kata, umweleze yote, kisha kwa mzee, kisha kwenye kikao kabla Violeth hajaitwa kusimama. Nilikuambia pia Marwa asibaki nyumbani, afuatane nawe.

Jumamosi jioni ulinipigia. Kwa ruhusa yako naandika ulichonieleza.

Ijumaa mlikwenda hospitali wewe na Marwa. Mzee Bartholomeo alikusikiliza mpaka mwisho, jicho moja likiwa limefungwa bandeji, kisha akakuita mama kwa Kisukuma, akasema: "Mayu, yule binti nilikuwa nimeshamsamehe. Sasa inabidi nianze upya na wewe, na mimi nimechoka." Akageukia ukutani. Marwa ndiye aliyebaki kumnywesha maji.

Jumamosi ulisimama ukasema yote, hata droo ukaitaja. Kamati ikafungua banda la Violeth saa ileile, la kwako ikalifunga miezi sita, na gharama za kumtibu mzee ni juu yako. Jumatatu ulitakiwa kuripoti polisi, na msaidizi wa sheria amekubali kukusindikiza. Hayo yote umeyapata kwa haki, yabebe bila kununa, na usimlaumu mumeo kwa kukutangulizia hofu.

Yapo yaliyobaki mikononi mwako. Daftari la Violeth na vioo vyake mrudishie, uandike kila mtu uliyemfungia kioo na tarehe, ili karatasi zake ziendelee kuwa na maana. Betri zilizo kwenye droo yako usizitupe chooni, usizitoboe, usizichome, usiziache juani. Ziba ncha zake kwa tepu, ziweke kwenye chombo cha mchanga mkavu mbali na watoto, umwombe mwenyekiti zipelekwe kwa huyo mkusanyaji wa Mwanza. Na ile miezi sita usiipoteze kwa kuchungulia benchi la mwenzako. Watafute wale uliowaambia wameikalia simu hali ukijua kioo kilikuwa kibovu. Uwaambie. Banda likifunguliwa, jaribu kioo mbele ya mwenye simu na uandike karatasi, kwa sababu hicho ndicho wateja walichokifuata ng'ambo ya njia. Hawakufuata kanga.

Sasa lile la mwisho ulilonieleza kwenye simu. Umesema kikao kilipoisha Violeth alikungoja mlangoni, hakukutukana, aliuliza kitu kimoja tu: "Siku ile nilipokuwa nalia kwako, ulinionea huruma kweli?" Akaondoka bila jibu. Unataka nikupe jibu la kumpelekea.

Jibu unalo. Uliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba siku ile ulimwonea huruma, na papo hapo ulisikia raha, vyote viwili kwa pamoja, mkono wako ukiwa kichwani mwake. Mwambie hivyohivyo, bila kupunguza lile la pili. Hatakupenda kwa kusikia hayo, na huenda asikuite dada tena. Lakini wiki tatu nzima amekuwa akiitilia shaka akili yake kwa ajili yako, akijiuliza ni lini alizitupa betri ambazo hakuwahi kuzishika, na sasa anajiuliza kama alikosea hata alipodhani umemhurumia. Mpe ukweli, apate pa kusimama. Nenda wiki hii, mchana, wateja wake wakiwa wamepungua. Omba ruhusa ya kukaa. Asipokupa, yaseme ukiwa umesimama, kisha urudi nyumbani kwa watoto wako.

Mama Philomena