Feni Nyuma ya Kabati

Mpanda, Jumanne, 1997

Fu... fu... fu... Jenereta ya kambi ya uwindaji ilipozimwa, ndipo nikasikia feni ikimalizia kuzunguka nyuma ya kabati.

Kutwa nzima nilikuwa napima baruti ya kujazia risasi, namba za mizani zinarukaruka, bosi ananitazama. "Msomi, leo mizani imekukataa?" kaka yangu Deus akacheka. Nikaamini kosa ni langu.

Kumbe feni aliiwasha Deus, ili apewe kazi yangu. Anajua upepo kidogo tu hudanganya mizani, na baruti ikizidi, bunduki humpasukia mpigaji usoni.

Nilipomuuliza, akasema, "Utani tu, mdogo wangu."

Utani ni wa watani. Sisi tumelala tumbo moja, Deus, halafu wewe...

Wawindaji wanaondoka alfajiri. Risasi zote za leo nimezifungua, baruti nimeimwaga, na bosi nimemwambia nani aliwasha feni.