Zamu ya Waliozaliwa Mwaka wa Witiri

Goheung, 4 Aprili 2023

Mwanangu Seonmi,

Hujambo huko Incheon? Mgongo je, bado unakuuma kwa yale masufuria ya jiko la shule? Mimi mzima, kitunguu saumu shambani kizima, mbwa tu ndiye anayechechemea.

Usishtuke kuona barua. Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mwalimu wa darasa letu la vikongwe katupa kazi, kila mtu amwandikie mtoto wake. Jirani yetu Mama Gyeongtae kamwandikia mwanawe neno moja tu, "Kula", akatia sahihi. Mimi nina maneno mengi, unanijua.

Sasa sikia. Jana nimesoma barua ya kwanza tangu nizaliwe, ya bima ya afya! Zamani alinisomea mwenyekiti wa kijiji, na yule bwana hana sauti ya chini. Akichoka kuzunguka nyumba kwa nyumba anatangaza kwenye kipaza sauti: "Akina mama waliozaliwa mwaka wa witiri, mwaka huu zamu yenu kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, bure!" Kijiji kizima kinasikia, na ng'ombe pia. Basi nimesoma neno kwa neno, nikacheka. Wamekosea tena. Mimi, kwa kalenda yetu ya wanyama, ni wa mwaka wa Mbwa, hamsini na nane, shufwa. Babu yako ndiye aliyechelewa kuniandikisha. Watoto walikuwa wakifa, akangoja mwaka mzima aone kama nitabaki. Kwa hiyo mwaka wa witiri barua inakuja na si zamu yangu, mwaka wa shufwa ni zamu yangu na barua haiji. Nimeitia motoni chini ya chungu cha maharage.

Vaa soksi.

Mama yako


Incheon, 15 Aprili

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, mgongo nao umetulia kidogo. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikalia mpaka wenzangu jikoni wakadhani nakata vitunguu. Nimefika umri huu ndiyo kwanza nauona mwandiko wa mama yangu!

Lakini mama, umechoma nini? Watu wa bima hawamjui Mbwa wala Nguruwe. Wanafuata kitambulisho, na chako kinasema hamsini na tisa. Ina maana hujapimwa hata mara moja? Mwanamke akishatimiza miaka ishirini anapimwa kila baada ya miaka miwili, anaumwa asiumwe. Ugonjwa huu hauanzi kwa maumivu, mama. Unakaa kimya miaka mingi, na ukikutwa ungali mchanga unatolewa, mtu anarudi zake shambani. Ukingoja uumwe, umechelewa.

Barua si lazima, beba kitambulisho tu. Mwisho ni tarehe thelathini na moja Desemba, na foleni ya Desemba unaijua.

Mwanao Seonmi


Goheung, 30 Mei

Mwanangu,

Salama? Sisi huku tumemaliza kung'oa vitunguu saumu, magoti yangu yanalia kama mlango mbovu. Nimekutumia gunia moja na dagaa wakavu. Usiwagawie wenzako wote.

Hilo la kupimwa, hebu niache. Mimi mjane mwaka wa kumi na moja huu. Chungu kimefunikwa miaka yote hiyo, nani wa kwenda kukifunua amulike na tochi? Aibu gani hiyo uzeeni!

Halafu wewe bingwa wa kufundisha, si ni wa themanini na saba? Witiri mtupu. Umekwenda lini? Nijibu kwanza, ndipo unifokee.

Mama yako


Incheon, 24 Juni

Mama,

Shikamoo. Dagaa wamefika, nimewagawa, nisamehe.

Umenipata. Nilikuwa sijaenda hata siku moja. Unajua mwenyewe, mwanamke ambaye hajaolewa akionekana kwenye mlango wa kliniki ya wanawake, watu wanaanza kuhesabu miezi. Nilikuwa nakuhubiria kitu nilichokikimbia miaka kumi na sita.

Basi Alhamisi moja mwanzoni mwa mwezi nimekwenda, barakoa na kofia kama mwizi. Ukumbini wote wana matumbo isipokuwa mimi. Dada wa mapokezi akaniuliza kwa sauti, "Ujauzito wa wiki ngapi?" Nikamjibu kwa sauti kubwa zaidi, "Nimekuja kupimwa saratani, ni zamu yangu!" Bibi mmoja akanipigia makofi.

Wanakupa sketi pana, unapanda kiti, wanavuta pazia hapa kiunoni. Humwoni daktari uso, naye haoni wako. Anakwangua kidogo kwa kijiburashi. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu, kwisha. Majibu yametoka salama, narudi baada ya miaka miwili.

Na ujane si kinga, nimeuliza. Ugonjwa unaletwa na kirusi ambacho mume na mke huambukizana. Mtu anaweza kukipata ujanani kikalala mwilini miaka na miaka. Kwa hiyo chungu chako lazima kifunuliwe. Haya, zamu yako sasa!

Mwanao Seonmi


Incheon, 20 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu Juni na hujajibu hata moja. Nikikupigia simu unanieleza habari za kabichi. Sikukuu ya mavuno ya Chuseok nimekuja, nikagusia habari ile mara moja, ukachukua kapu ukaenda kuchuma mboga, na mboga zilikuwa zimejaa mezani.

Nimekukosea nini? Kama ni ule utani wa chungu, nisamehe, ulianza wewe. Niandikie hata "Kula" tu kama Mama Gyeongtae. Naogopa, mama. Kama kuna kitu unakihisi mwilini unanificha, niambie.

Mwanao Seonmi


Goheung, 12 Novemba

Seonmi mwanangu,

Hujanikosea kitu. Mwilini sihisi chochote. Barua hii nimeianza mara nne.

Habari ya mwaka wa Mbwa ilikuwa kisingizio, mwanangu. Mwenyekiti aliponisomea zile barua nilishajua hesabu yao tangu zamani.

Unamkumbuka Jeomsun, aliyekuwa akikuletea matunda ya kukausha? Mumewe na baba yako walifanya kazi meli moja, zile za uvuvi wa mbali, mwaka mzima hawajakanyaga nyumbani, bandari hii na ile. Jeomsun alikufa kwa ugonjwa huo. Msibani kwake wanawake wanakula supu huku wananong'ona, "Huo kauletewa na mumewe kutoka bandarini." Mume amekaa pale kwenye mkeka, anasikia. Mimi ndiye niliyekuwa napakua ile supu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza juu ya baba yako, na yeye sikumwuliza hata mara moja. Halafu wewe ukaniandikia kwamba kitu hicho kinalala miaka na miaka. Nikipimwa wakakikuta, wewe na kaka yako mtamwonaje baba yenu? Ninyi mnamsafishia kaburi kila mwaka kwa mapenzi. Sitaki karatasi ya kliniki ije imseme mtu ambaye hawezi kujitetea.

Usinijibu kwa hasira.

Mama yako


Incheon, 16 Novemba

Mama yangu, mama yangu,

Sina hasira. Nimelia tu, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

Nimerudi kwa yule daktari, nikamwuliza bila haya. Anasema kirusi hiki karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza hukutana nacho, na wengi hakiwadhuru, mwili unakifukuza wenyewe. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kilitoka kwa nani, wala lini. Karatasi haimtaji mtu. Wale wa msibani kwa Jeomsun walisema wasichokijua.

Lakini tuseme walisema kweli. Tuseme baba alikosea. Mama, afadhali nimkasirikie baba aliyekwisha kufa kuliko nije kukuzika wewe kwa sababu ya kumsitiri. Mimi nimebakiwa na mzazi mmoja. Nenda. Nakuomba, nakupigia magoti.

Mwanao Seonmi


Goheung, 29 Desemba

Mwanangu,

Habari za baridi? Huku theluji imefika mlangoni. Nakula vizuri, usianze.

Nilikwenda tarehe nne. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungekuja mbio. Wiki mbili baadaye wakanipigia simu, nikaenda hospitali kubwa Suncheon, wakakata kinyama kidogo kama punje ya mchele. Majibu nimeyasoma mwenyewe, daktari akanisubiri nimalize. Si saratani. Ni chembe zilizoanza kugeuka, zikiachwa ndiyo zingekuwa saratani. Watazitoa Jumatatu tarehe nane. Anasema nimewahi, na kwamba sasa nitapimwa mara kwa mara, si kwa zamu ya bima tena. Nikamwuliza, "Ningengoja witiri nyingine?" Akanimiminia chai.

Nilipotoka huko sikwenda nyumbani. Nilipanda kaburini kwa baba yako na chupa ya pombe ya soju, nikammiminia, nikanywa na mimi. Nikamwambia, "Kama ni wewe, nimekusamehe. Kama si wewe, unisamehe mimi, maana nimekushuku miaka thelathini na nikakupikia kila siku kama hakuna kitu." Nililia, Seonmi, mpaka pua ikaganda. Kisha nikamfagilia theluji nikashuka.

Njoo Jumapili tarehe saba. Wanataka mtu wa kunirudisha nyumbani, na nimewaandikisha jina lako.

Mama yako