Kilio cha Faustin Nilichokitia Kwenye Filamu

Koboko, Jumatano

Dada yangu Anjelika,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima. Vipi mgongo wako, bado unakukataza kuinama shambani? Na Mama, miguu yake imepungua kuvimba? Mimi mwili ni mzima. Kula nakula, kulala ndiko kumekataa. Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu nimeshakudanganya mara mbili, na nikisikia sauti yako nitadanganya tena. Soma barua hii peke yako. Usimpe mtu akusomee, wala usiisome mbele ya Mama.

Nilikwambia kwamba mwanao Faustin amepigana na mwenzake kwa sababu ya gemu, na polisi wamemshika. Kupigana ni kweli, polisi ni kweli. Gemu ni uongo wangu.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu. Ni banda la video la mtu mwingine, nyuma ya soko, mabati na mabenchi. Filamu zinakuja kwa lugha za watu wa mbali, nami nakaa pembeni na maiki, nasema kwa Kiswahili yale wanayosema kwenye skrini. Nisipoelewa, natunga. Watu hawalipi kiingilio waone filamu tu, wanataka kusikia leo nimetunga nini. Mtu akipigwa risasi nasema, "Huyu amelala, bibi yake atafute bwana mwingine," nao wanacheka mpaka benchi linataka kuvunjika.

Faustin alipokuja kwangu miaka miwili iliyopita nilimweka mlangoni akate tiketi. Jumamosi alikwenda Kuluba kulima mihogo ya watu. Filamu za kuuana hakuzipenda. Zikianza, alitoka nje kuangalia jenereta, hata kama jenereta haina shida yoyote. Nilimtania kwamba ana roho ya kuku.

Siku moja mvua ilitufungia bandani, wateja wameondoka, tumebaki wawili. Akanieleza habari ya siku ile mlipokimbia vita mkapoteana. Wewe unajua alijificha kwenye mtama mpaka wapiganaji wakapita. Hakujificha, dada. Walimkuta. Alipiga magoti mbele ya mwenye panga akasema, "Baba, musiniue. Mama yangu iko na mimi moja tu. Mukiniua, nani atamuita mama?" Yule mtu akacheka, akampiga teke, akaenda zake. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Hakukwambia kwa sababu anaona aibu kwamba watu wale aliwaita baba.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili mchana, banda limejaa. Kwenye filamu mtu amepiga magoti, bunduki iko kichwani, analia. Alilia muda mrefu, na mimi maneno yakaniishia. Mdomo wangu ukachukua ya Faustin. Niliyachukua yote, na sauti yake, na Kiswahili cha kwetu. Banda zima likalipuka kwa kicheko. Nikaona wamependa, nikarudia. Mara ya pili nikaongeza na kamasi za uongo. Nilipogeuka nikamwona Faustin amesimama mlangoni na tiketi mkononi.

Nikajipa moyo kwamba yatasahaulika. Hayakusahaulika. Vijana wa soko waliyabeba maneno yale kama salamu. Wakikutana njiani, mmoja anapiga magoti, "Baba, musiniue!" na wenzake wanamalizia. Faustin alipita katikati yao kila siku na jerikani la maji. Msamaha sikumwomba. Nilimnunulia viatu.

Hapo ndipo ilipofika Jumapili nyingine, kwenye kibanda cha gemu cha Bosco. Faustin alikuwa anacheza na Swadik, mtoto wa Mama Zainabu muuza mandazi. Swadik akamfunga mabao manne, akafurahi, akamwambia, "Piga magoti basi. Sema, Mama yangu iko na mimi moja tu." Faustin akashika chupa ya soda. Jicho la kushoto la Swadik halipo tena.

Kijiji kikaitwa mkutanoni. Mwenyekiti akasema, "Hii gemu iko inatia watoto roho ya kuua. Leo ni jicho, kesho iko kichwa." Siku hiyo pasta na shehe walikubaliana kila neno. Bosco peke yake ndiye aliyesimama.

"Lakini walikuwa nacheza mupira! Mupira ya gemu inatoboa mutu jicho?"

Wakanigeukia mimi, mjomba wa mkosaji. "Na weye, nasema nini?"

Nikasema, "Ni gemu."

Kibanda cha Bosco kilifungwa jioni ileile. Banda langu hawakuligusa, na filamu zangu zinaua watu kila siku. Sasa Bosco anabeba magunia sokoni, na akinipita ananisalimia vizuri.

Sisemi filamu ni safi. Nimeona watoto wakitoka bandani wakirushiana mateke, wakijiita makomando, na mmoja aliwahi kung'oka jino. Mzazi akimkataza mwanawe kuja kwangu simlaumu. Lakini nimelala macho nikiifikiria habari hii, na nakwambia wazi: kama filamu zimeharibu mtu hapa Koboko, zimeniharibu mimi. Miaka sita nimechekesha watu kwa vifo, mpaka kilio cha mtoto wa dada yangu kikanijia kinywani kama mchezo. Najichukia, Anjelika.

Nilikwenda kumwona Faustin huko polisi. Amekonda. Nikamuuliza kwa nini na yeye amewaambia ni gemu.

"Wacha iwe gemu, mujomba," akasema. "Nikisema ile ingine, wataniuliza ni maneno gani. Nitayasema mara ngapi?"

Juzi nikapanda gari mpaka Arua, Swadik amelazwa huko. Nililala Awindiri kwa mtu wa kwetu, asubuhi nikaingia hospitali na maziwa na mkate. Mama Zainabu alivipokea, akaviweka chini, hakunipa kiti. Ana haki. Mtoto amefungwa kitambaa nusu ya uso. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mujomba, kwani ile maneno si ya filamu? Mi nilijua ni ya filamu tu."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mpaka mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Jumatatu ijayo Faustin anapelekwa mbele ya hakimu. Nitamwomba hakimu anisikilize faraghani, niseme nilichofanya, ili mtoto asilazimike kufungua mdomo. Sijui kama itampunguzia adhabu. Baadaye nitasimama kwenye mkutano uleule wa kijiji, niseme Bosco hana kosa, na kwa Mama Zainabu nitakwenda na wazee. Atakachoniambia nitakimeza. Maiki nimeshairudisha kwa mwenye banda.

Nisalimie Mama mzazi, umwambie nitatuma dawa ya miguu na dereva wa Ariwara. Msalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie asikasirike nimekuandikia wewe kwanza. Msalimie baba mdogo fundi cherehani, na mke wa marehemu kaka yetu, ambaye bado namdai habari za harusi ya binti yake.

Nauli nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ukiweza, fika kabla ya Jumatatu. Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini kwanza nenda kwake. Usimuulize chochote kuhusu panga wala magoti, na usimwonyeshe kwamba unajua. Mwite tu jina lake kwa sauti, askari wakisikia wasikie, halafu ungoje akuite mama.

Ni mimi, mdogo wako uliyenikabidhi mtoto,

Janvier