Kisu cha Springi Nilichokibadilisha Jana

Jumapili, Novemba, jioni

Mvua imeipiga Buswelu tangu tunatoka kanisani, na sasa imekatika. Jirani anakaanga senene, harufu imeingia mpaka kwenye mapazia yangu. Nimekaa barazani na chai, miguu juu ya stuli. Baba yuko hapa pembeni, nitamfikia. Moyo wangu leo ni mwepesi, mwepesi mno, hadi naogopa kuusemea. Nimeshamshukuru Mungu kanisani, nimemshukuru tena nikipika, na bado naona sijamaliza.

Mnaopita hapa kwenye blogu mnaujua ugonjwa wangu. Napenda visu. Sio vya jikoni, vya kukunja, vile vya kuweka mfukoni. Nauza zana za uvuvi mjini, nyavu na kamba na maboya, na visu vilianza kama bidhaa tu ya dukani. Nikaanza kukaa na kimoja. Kikaja cha pili. Mama mzima wa watoto wawili, mzee wa kanisa akiniomba kalamu inabidi nipekue mkoba kwa tahadhari.

Juma lililopita niliuliza humu: hivi bado kuna mtu anavipenda visu vya springi? Kwa asiyevijua, ni hivi. Kwenye bapa kuna kinundu. Unakisukuma kidogo kwa kidole gumba, na kabla hujafika nusu ya njia springi ya ndani inakupokea, inamalizia yenyewe. Chak! Kuna wakati sisi wote tulikuwa vichaa wa mlio huo. Halafu vikaja vya beringi, vyenye vigololi pale bapa linapozungukia. Hivyo havina springi; unapiga kile kimkia kilichotokeza nyuma ya bapa kwa kidole cha shahada, bapa linateleza lote mpaka mwisho, laini, hata husikii. Wapenda visu wakahama kundi zima. Nami nikaandika humu, kwa kujiamini kabisa, kwamba vya springi vimeshapitwa na changu nitakiachia.

Leo nalamba matapishi yangu. Na ninayalamba kwa furaha.

Jana kikundi chetu tulikutana Nyegezi, kwenye mgahawa ulio karibu na stendi. Tuna desturi moja pale: ukifika, unaweka visu vyako mezani vikiwa vimefungwa, na hakuna kugusa cha mwenzako. Mwenye kisu akitaka ukishike, anakisukuma kwako kwa kiganja. Na mkibadilishana, kila mmoja akasukuma chake mbele ya wenzake, basi imekwisha, hakuna kurudi kesho kulia. Siku za mwanzo wahudumu walikuwa wanatukimbia. Siku hizi wanatuletea supu bila kuuliza.

Mada ikawa ile ile ya springi, na aliyeibeba ni Mabula. Mabula ni fundi wa mabasi, Msukuma mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

"Springi zote zinakufa," akasema. "Mimi nazizika kila siku gereji. Halafu wewe dada unataka nitembee na springi nyingine mfukoni? Ya nini? Niache!"

Mmoja wetu akajaribu kutetea ule mlio, akasema bila mlio kisu hakina raha. Wakamcheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti. Mwishoni Mabula akasema kwa mzaha hicho cha springi atanizikia yeye gereji, akakisukuma kwangu kisu chake cha beringi, mpini mweusi, kile nilichokuwa nakitolea macho tangu Pasaka. Nikakisukuma kwake changu cha springi. Akauliza kama tumebadilishana, nikasema tumebadilishana, meza nzima ikapiga makofi.

Nilirudi nyumbani naimba.

Sasa nimlete baba. Baba ni Mjita, amezaliwa ukingoni mwa ziwa kule Mara na amevua tangu utoto. Alipozeeka akaacha mitumbwi, akashika sindano ya kushonea nyavu. Watu walikuwa wanamletea nyavu zilizoraruka hovyo, anakaa nazo chini, ananyoosha wavu kwa kidole gumba cha mguu, anaimba pole pole, na wavu unarudi mzima. Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Nikamleta hapa kwangu. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia umelala tu mapajani, na maneno yanamtoka moja moja.

Lakini alikuwa hajakata tamaa. Aliomba sindano, akaanza kujifunza kushona kwa mkono wa kushoto, na mkono uliolala akautumia kugandamizia wavu. Niliona raha kumwona.

Tatizo lilikuwa kisu. Mshona nyavu anakata uzi kila mara, kwa hiyo wote wana tabia moja: kisu kinakaa wazi pajani, katikati ya wavu. Amefanya hivyo maisha yake yote, na paja lake lilikuwa linajua kisu kipo wapi. Paja la kulia sasa halijui kitu. Siku moja nikarudi kutoka dukani nikakuta wavu una damu. Ncha ilikuwa imezama kwenye nyama, na baba anaendelea kushona. Hakuwa anasikia chochote. Aliniangalia akashangaa kwa nini napiga kelele.

Siku ile ile nilikusanya visu vyote. Wavu nikaukunja, nikaurusha juu ya kabati. Sikumuuliza, niliamua tu, maana niliogopa.

Tangu hapo baba akazima. Shikamoo baba, marahaba. Umekula, nimekula. Anakaa barazani anaangalia barabara, jioni anaingia ndani. Mtu wa mazoezi ya viungo akija anamnyooshea mkono kama anampa mzigo. Nilikuwa najiambia ni ugonjwa, na usiku nikiwa peke yangu nilikuwa najua sio ugonjwa peke yake. Baba yangu alikuwa ananiponyoka huku amekaa kwenye kiti changu.

Basi jana. Nimerudi, nimekaa hapa hapa, nachezea kisu changu kipya. Nafungua, nafunga. Nikamwona baba ananitazama mkono.

"Kile kingine?" akauliza.

"Kipi, baba?"

Akatafuta neno, muda mrefu kidogo. "Kinachoruka."

Nikamwambia nimekibadilisha na mtu. Jamani, uso wake. Sijui niuelezee vipi. Aligeukia barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu mama afariki nikaona baba yangu anataka kulia.

Ilichukua muda kumtoa maneno, lakini yalitoka. Nilikuwa nimeficha visu kwenye droo ya chini kabisa, chini ya televisheni, nikijua hawezi kuinama. Kumbe anaivuta kwa mpindo wa fimbo. Mimi nikienda dukani na watoto wakienda shule, baba anatoa kile cha springi, anakaa, anafanya mazoezi kwa mkono wa kushoto. Anasukuma kinundu, chak. Anabana loki, kile kinachozuia bapa lisijifunge, kwa kidole, anaegemeza mgongo wa bapa kwenye mkono wa kiti, kinafunga. Kutwa. Na alikuwa anakata nyuzi za kitambaa changu cha meza! Nilishangaa sana zile nyuzi za pembeni zinavyozidi kuwa fupi, tena sawasawa, na nikawafokea watoto wangu bure. Watoto nimewaomba radhi asubuhi. Wamedai soda.

"Nakata. Nafunga," akasema baba, anaonyesha kwa mkono mtupu. "Nakata. Nafunga."

Nikaelewa. Alikuwa ameitafutia dawa ile damu. Kisu kisichokaa wazi hata dakika, na kinachofunguka kwa mkono mmoja, tena ule wa kushoto, asioweza hata kuandikia. Alikuwa anangoja mkono uzoee ndipo aniombe wavu wake.

Nikampa kile cha beringi, nikamwambia hiki ndicho bora, baba, ndicho cha kisasa. Akajaribu kupiga mkia wake. Kidole chake cha kushoto ni kizito, hakina ule mpigo wa haraka, na bila mpigo huo bapa linatoka kidogo linasimama. Likabaki linaning'inia, halijafunguka wala halijafunga. Akajaribu tena, vile vile. Akakiweka chini.

"Nusu kisu," akasema.

Nikaenda jikoni nikalia. Nimelia vizuri tu, kwa kanga. Halafu nikampigia Mabula, huku najua kabisa desturi yetu inasemaje na nani jana alipigiwa makofi. Nikamweleza yote, mpaka paja, mpaka nyuzi za kitambaa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za gereji, mtu anagonga chuma. Mabula, kwa sauti yake ile, akamwamuru aache kugonga.

"Ng'wanawane," akasema mwishoni, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "kesho nakuja."

Leo mchana, mvua ile ile, kaja na bodaboda, amelowa mpaka soksi. Nikampa taulo. Hakunisikiliza mimi, alienda moja kwa moja kwa baba, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akavuta stuli, akaweka kisu juu yake, kimefungwa. Akakisukuma kwa kiganja mpaka kwa baba. Sio kwangu. Kwa baba. Baba hajui desturi za Nyegezi, lakini mimi najua. Kisu ni chake sasa, hakuna wa kumnyang'anya, hata mimi.

"Nimekifungua chote, nikakiosha kwa mafuta ya taa," Mabula akaniambia. "Springi yake bado nzima kabisa. Ila dada, siongei na wewe. Jana nimekaa nacho mbele ya televisheni, chak, chak, chak, mpaka mke wangu amenifukuza sebuleni. Nina kisu cha beringi mwaka mzima na sijawahi kufukuzwa."

"Si ulisema springi zote zinakufa?"

"Zinakufa. Hii ikifa, mzee aniite, namtengenezea nyingine kwa mikono yangu. Na hayo ya kufukuzwa usiyaandike."

Nimeyaandika. Nikamrudishia cha kwake, akakitia mfukoni. Akala ugali na sato, akarudia mara mbili, akaondoka mvua ikiwa bado inanyesha. Mungu ambariki huyo mtu na sauti yake yote. Nimebaki bila kile wala hiki, na sijawahi kuridhika hivi.

Kwa hiyo nikijibu tena lile swali langu: ndiyo, bado vinapendwa. Nilikuwa nawauliza watu wa mezani, waliochoka na vitu vizuri. Nyumbani kwangu kulikuwa na anayekipenda kila siku na sikumuuliza.

Mabula alipoondoka nikapanda kiti, nikaushusha wavu kutoka juu ya kabati. Vumbi! Nikauning'iniza kwenye msumari wa nguzo. Baba akavua ndala ya kushoto, akauvuta kwa kidole gumba cha mguu, akaupapasa muda mrefu bila kufanya kitu. Halafu akashika sindano.

Niseme ukweli, bado naogopa. Nilikaa karibu yake na sikuangalia wavu wala sindano, niliangalia paja. Kila akikata nilikuwa nabana pumzi. Chak, uzi umekatika, mgongo wa bapa kwenye kiti, kimefunga. Mara moja alikiweka pajani, kwa ile tabia yake ya zamani, na nikaruka nusu ya kiti. Nikainama kutazama. Kilikuwa kimefungwa. Aliniona, akatikisa kichwa, akaendelea.

Anakwenda pole pole sana. Fundo moja analirudia mpaka nataka kumnyang'anya nimfungie, nakaza mikono kwenye kikombe. Tundu la kwanza ameliziba vibaya, akalifumua mwenyewe, analirudia. Jua limejitokeza kidogo upande wa ziwa na linakaribia kuzama, naye anaukimbiza mwanga wa mwisho. Kuna kitu anakiimba kwa ndani, bila maneno, nimekaa karibu kabisa ili nikisikie, na ninayaandika haya magotini.

Sasa hivi ameinua kichwa.

"Mama, hama hapo, unanizibia mwanga."

Sentensi nzima. Imenyooka, na hasira yake ya zamani imo ndani.

Nimehama haraka, chai imemwagika. Naandika nimesimama mlangoni, nacheka na machozi yananitoka, naye wala hageuki. Kesho namletea uzi mpya kutoka dukani, na sitamuuliza kama anauhitaji.