Mkono Unabaki Columbus

Mama Neema wangu, amani kwako na kwa watoto huko Buffalo.

Jana hapa Columbus madaktari watafiti walifunga nyaya kwenye kigutu cha mkono wangu wa kulia, ili mishipa ya fahamu iendeshe mkono wa mashine. "Waza unashika mpira," wakasema. Wapi! Nikawaza namega bugali wako, nafinyanga tonge. Bon, vidole vyote vitano vikajikunja! Wakapiga makofi. Nikauliza nitaondoka na mkono huo lini. Mkalimani, Mkongo mwenzetu, akacheka: "Papa, huu ni wa majaribio, unabaki hapa." Wakafungua nyaya, wakaniletea chakula, nikala kwa kushoto mbele yao.

Donc, ile zamu ya pili kiwandani usiiache bado, nilikuahidi bure kwamba nitarudi na mkono wa kufanya kazi. Mungu aitunze mikono yako miwili.

Baba Neema