Divai ya Dumu Kubwa

Shamba la Tollefsrud,
Barabara ya Kijito,
Kaunti ya Halden, Wisconsin.
11 Agosti 2009

Mpendwa mdogo wangu Leif,

Natumaini barua hii inawakuta wewe na Astrid wazima huko Alaska, na kwamba goti lako limekubali kazi tena baada ya upasuaji. Niandikie ukweli kuhusu goti hilo, si maneno ya adabu unayompa daktari. Hapa tu salama. Mvua za Juni zilipitiliza, na majani ya ng'ombe yalikatwa kwa kuchelewa, lakini ghala limejaa.

Utaona kuwa mwandiko wangu hautulii. Ndio ule ugonjwa niliokutajia wakati wa Krismasi: umeushika mkono wa kulia, na kichwa umekiacha kama kilivyokuwa. Nautaja kwa sababu hoja inauhitaji, wala si kwa kutafuta huruma.

Hoja yenyewe inahusu neno moja. Kitabu cha kanuni za maonyesho ya kaunti, ukurasa wa tisa, kinasema kuwa mtengenezaji wa divai ya nyumbani ni yule ambaye kwa mikono yake mwenyewe ameikamua, ameichachusha, ameihamisha kutoka kwenye mashapo yake na ameitia katika chupa. Ni vitendo vinne, na vinaunganishwa kwa "na", si kwa "au". Nimeshindana miaka kumi na tisa chini ya kanuni hiyo bila kupata hata utepe wa tatu, na sikuwahi kuwa na sababu ya kuisoma mara mbili.

Septemba iliyopita nilichuma zabibu mwitu za ukingo wa mto, zile zile tulizokuwa tukimchumia Mama, nikakamua dumu kubwa la lita ishirini na dumu dogo la lita nne. Kufikia Desemba sikuweza tena kuushika mpira wa kuhamishia divai bila kuitikisa, na divai iliyotikiswa hurudisha mashapo yote juu. Ndipo Duane Brekke alipopita kuniletea soseji za nyama ya paa. Unamkumbuka: yule mwanafunzi niliyemwangusha katika kemia mwaka wa sabini na tatu, ambaye tangu hapo amenishinda kwa utepe wa buluu, ule wa nafasi ya kwanza, mara sita. Alisimama mlangoni akautazama mkono wangu, kisha akavua koti.

"Mwalimu, kaa kitini. Leo mimi ndiye mkono wako."

"Osha kwanza huo mkono wangu."

"Nimeuosha nyumbani."

"Tangu nyumbani umeshika usukani, soseji na mbwa wangu. Osha."

Akaosha. Alikuja mara nne hadi majira ya kuchipua. Mimi nilikaa kitini nikiamuru, na yeye aliinua na kumimina, akilalamika kuwa hata sasa simpi alama. Mwanzoni mwa Mei daftari langu lilisema ni wakati wa kutia chupani. Duane alionja, akaonja tena, akasema tungoje wiki tatu. Nilimwambia daftari hilo halijakosea tangu mwaka 1990. Akajibu, "Na limeshinda mara ngapi?" Tukangoja.

Dumu dogo sikumruhusu aliguse. Nililihamisha mwenyewe, nikalitia chupani siku ile ile iliyoagizwa na daftari, mpira nikiwa nimeufunga kwa kamba kwenye msumari ukutani na kiwiko nimekikandamiza mezani. Robo nzima ilimwagika sakafuni. Divai iliyosalia ilijaza chupa tatu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda uwanja wa maonyesho na chupa mbili mkobani, moja ya kila dumu, kwa kuwa kila mshindani huruhusiwa kuingiza moja tu na nilikuwa bado sijaamua. Hilo la kutoamua nalikiri kwako wewe peke yako. Nilijua vizuri ni ipi ingeshinda.

Niliitoa ile ya dumu kubwa. Marlys, karani wa mezani, akanisogezea fomu ya kutia sahihi kuwa mimi ndiye mtengenezaji. Nikamuuliza kama ukurasa wa tisa bado unatumika.

"Jamani, Mwalimu, tia sahihi tu. Foleni imefika banda la nguruwe."

Duane alikuwa nyuma yangu na chupa yake kwapani. "Tia sahihi. Mimi nilikuwa winchi tu. Nani aliwahi kuandika jina la winchi kwenye fomu?"

"Winchi haisemi tungoje wiki tatu," nikamwambia.

Nikairudisha chupa ile mkobani, nikatoa ya dumu dogo, nikaandika jina langu. Ilinichukua muda, na foleni ikangoja.

Kadi ya jaji ninayo hapa: "Rangi safi. Harufu njema. Imeguswa na hewa," ndiyo kusema ladha yake imeanza kuharibika. Nilipata alama kumi na tatu kati ya ishirini, nafasi ya tatu kati ya wanne, na utepe mweupe. Nimeutundika juu ya kabati la vitabu, nawe usicheke. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, tena kwa mkono huu, nina kitu ambacho hakuna ibara ya kanuni inayoweza kuninyang'anya. Utepe wa buluu ulichukuliwa na mama mmoja wa kijiji cha jirani. Duane alikuwa wa pili, akanung'unika kuwa uvumilivu wake wote aliumalizia kwenye dumu langu.

Jumapili baada ya ibada tuliifungua barazani ile chupa ya dumu kubwa. Leif, sijawahi kuonja divai kama ile kutoka kwenye zabibu zetu. Duane aliweka bilauri chini akasema, "Mwalimu, hii ingewafagia wote." Nikasema najua.

Mwakani nitaingia tena. Nimeagiza madumu madogo sita ambayo mkono mmoja unayaweza, na fundi amenipigia kulabu ukutani mahali pa msumari. Zabibu za mtoni tayari zimefunga vishada, jana nimevihesabu.

Wasalimie sana Astrid, na mwanenu Karin na mumewe mtakapoonana. Binamu Torvald anakusalimu, na anasema bado una msumeno wake. Mungu akulinde wewe na goti lako, na baridi ya huko iwe ya kiasi.

Limebaki jambo moja. Chupa ishirini na nne za dumu kubwa zimelala chini ya ngazi bila lebo, nami sijawahi kuacha chupa bila lebo. Nimeshaandika mwaka, mto na aina ya zabibu. Mstari wa mwisho ni wa jina la mtengenezaji. Zabibu zilikamuliwa kwa mikono yangu, dumu liliinuliwa kwa mikono yake, na zile wiki tatu zilizoifanya iwe ilivyo hazikutoka katika mikono ya yeyote kati yetu. Ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?

Ni mimi dada yako akupendaye, mkono ukitulia au usipotulia,

Solveig