Nduguye Alimnyang'anya Duka

Jumatatu, 4 Machi
Kitabu nimekipata! Mwalimu kaniazima nakala yake mwenyewe, jalada limebandikwa kwa gundi. Tamthilia ya yule Mwingereza wa kale anayewatoa wanafunzi jasho. Tendo la Kwanza tu, kasema, tulisome mpaka tuliote. Mengine muhula ujao. Mtihani utatoka humo.
Darasani wananiita shangazi. Waniite tu! Nimerudi shule, basi. Asante, Mwalimu. Asante zaidi Baba, aliyeniambia niende nikasome, taulo za saluni atafua mwenyewe. (Hajafua hata moja. Lakini nia anayo.)

Jumanne, 5 Machi
Kiingereza chake hakitafuniki. Nyumbani nasinzia, kwa hiyo nimesomea saluni, Baba akinyoa. Nasoma mstari, natafsiri kwa sauti. Benchi zima la wateja likageuka kunisikiliza! Kipara alikuwepo — huyo huja kila siku kwa kinyozi ilhali hana hata unywele mmoja wa kunyoa.
Dhoruba, meli inazama, wakubwa wanapanda juu kuwasumbua mabaharia, mabaharia wanawafukuza. Kipara akapiga makofi. Eti safi sana, wakubwa wakae chini watu wafanye kazi! Baba akacheka mpaka akazima mashine.
Kisha simu yake ikaita. Akaitazama, akaitupia ndani ya droo. Tangu juzi ni namba ileile. Nikamuuliza nani huyo. Eti watu wa matangazo.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimeharibu — au sijui nimetengeneza.
Onyesho la pili. Mzee anamsimulia binti yake kwa nini wanaishi peke yao kisiwani. Zamani alikuwa 'duke', nduguye akampindua. Neno hilo sikuwa na Kiswahili chake mdomoni, nikalisoma vilevile lilivyo. Kipara akaruka.
"Duka? Kanyang'anywa duka na ndugu yake wa damu?"
Nilipaswa kumsahihisha. Mtawala wa mji, ningesema, yangeisha. Lakini benchi lilishawaka moto! Mteja mwenye povu kidevuni akasema huyo si ndugu, ni nyoka. Fundi viatu wa jirani akaingia na kiatu mkononi, anataka kujua duka la nini. Nami nikanogewa. Nikasema mwenye duka alipenda mno vitabu, akamwachia mdogo wake kazi yote, siku moja akakuta kufuli jipya mlangoni. Kufuli nimeliongeza mimi, Mungu anisamehe.
Baba hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu.
"Na mtoto?"
Nikamwambia walisukumwa baharini wote wawili, mtoto hajafika hata miaka mitatu. Mashine ikapanda mpaka juu ya sikio la mteja. Mteja akapiga yowe! Baba hakosei kunyoa. Sijawahi kumwona akikosea.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemsimulia Mwalimu habari za duka. Amecheka mpaka akavua miwani. Kwenye mtihani nisithubutu, kasema, ila uchungu wa yule mzee nimeupata. Nimefurahi kweli.
Swali la Baba la jana limenikaa kichwani. Nami nawaza. Wenzangu wana mashangazi, wana baba wadogo wa kugombana nao. Mimi nina Baba. Mama alifariki nikiwa mchanga, hilo najua. Mengine nikiuliza, jibu ni moja: tulikuja wawili, tunatosha. Na amenitosha, sitakufuru. Lakini natamani kujua tulikotoka.

Jumapili, 10 Machi
Saluni imefungwa. Nilikuwa uani nafua taulo, Baba akaniita ndani. Nikamkuta kwenye kiti cha wateja! Hakikalii kamwe.
"Lilikuwa la vitambaa," akasema.
Nikadhani anasema la kitabuni. Nikaanza kumweleza kwamba kwa kweli halikuwa duka, ni neno tu, nilikosea...
"Langu," akasema. "Langu lilikuwa la vitambaa. Kufuli ulijuaje?"
Nikakaa juu ya ndoo.
Mama alipofariki kichwa chake hakikuwa sawa. Funguo akampa mdogo wake. Alipopata nguvu ya kurudi kazini, kufuli jipya, na mdogo mtu ndani anapima kitambaa, hamtazami. Akanifunga mgongoni, tukaondoka. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nikue na chuki isiyo yangu. Kila akisema mawili matatu, anasimama: "Unanisikiliza?" Kama yule mzee wa kitabuni anavyomuuliza binti yake! Nikacheka huku nalia. Nasikiliza, Baba. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri kusikiliza.
"Kwa hiyo una baba mdogo," akamalizia. "Ndiye anayenipigia simu."
Sina hasira. Nilidhani ningekuwa nayo. Nimemshika mkono tu, ule wa mashine, nikamwambia asante kwa kunibeba. Akaangalia pembeni.
Kisha akauliza: "Yule mzee. Mwishowe alimsamehe nduguye?"
"Sijui, Baba. Tunasoma Tendo la Kwanza tu."
Akaniambia basi nikalete kitabu, tufungue mwisho. Nimekuja chumba cha nyuma kukichukua, nikaona niandike haya kwanza kabla hayajanitoka. Kitabu ninacho mapajani.
Simu inaita. Kutoka hapa namwona Baba — ameshika kishikio cha droo. Hajaivuta. Ananitazama mimi.